Sanamu Zilizohama na Watu Waliohamishwa

Kusini kabisa mwa Misri, kiasi cha kilometa 280 kwa barabara kutoka mji wa Aswan, wameketi wafalme wanne wa jiwe wakilitazama ziwa. Kwa hakika wote wanne ni mtu mmoja: Ramses wa Pili, Firauni aliyeitawala Misri kwa miaka 66 tangu mwaka 1279 Kabla ya Kristo. Kila sanamu ina kimo cha kama mita 20, sawa na nyumba ya ghorofa sita. Mmoja hana kichwa wala kifua. Tetemeko la ardhi la zamani liliviangusha, na hadi leo vimelala miguuni pake.

Mahali hapa ndipo Abu Simbel. Mafundi wa kale hawakulijenga hekalu hili kwa kupanga jiwe juu ya jiwe. Walilichonga katika jabali lenyewe, wakaingia ndani kama mita 60. Mwisho wa hekalu mna chumba chenye sanamu nne: Ptah, Amun-Ra, Ramses mwenyewe na Ra-Horakhty. Mara mbili kwa mwaka, yapata tarehe 22 Februari na 22 Oktoba, jua la asubuhi hupenya hadi humo likawaangaza watatu, na Ptah akabaki gizani.

Yafaa mtazamaji ainamishe macho pia. Ubavuni mwa viti vya enzi wamechongwa mateka waliofungwa kamba, na miongoni mwao wamo Wanubi, wenyeji wa nchi hii. Ramses aliwatangazia waliopita mtoni kwamba Nubia imetekwa.

Miaka zaidi ya 3,000 ikapita. Mwaka 1960, chini ya Rais Gamal Abdel Nasser, Misri ilianza kujenga Bwawa Kuu la Aswan ili kuyadhibiti maji ya Mto Naili, ambayo sehemu yake hutoka katika Ziwa Victoria. Ilikuwa dhahiri kwamba bonde zima la Nubia litazama. Tarehe 8 Machi mwaka huo UNESCO iliuomba ulimwengu msaada, na nchi zipatazo 50 zikaitikia.

Kati ya mwaka 1964 na 1968 hekalu la Ramses na lile dogo la malkia wake Nefertari yalikatwa vipande zaidi ya 1,000, vingine vyenye uzito wa tani 30. Kila kipande kilipewa namba yake. Vyote vilipandishwa mita 65 juu na kusogezwa mita 200 nyuma, vikaunganishwa upya mbele ya kilima cha kutengenezwa. Gharama ilifikia dola milioni 40 hivi. Hata jua lilikumbukwa: bado linaingia chumbani.

Lakini bondeni hapakuwa na mawe tu. Wanubi wapatao 50,000 wa upande wa Misri walihamishiwa Kom Ombo, kaskazini mwa Aswan, na wengine wanaokaribia idadi hiyo wa upande wa Sudan wakapelekwa Khashm el-Girba. Waliacha nyumba walizozipamba kwa mikono yao, mitende, na makaburi ya wazee wao. Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Wanubi hawakuiacha yao, ilifunikwa na maji.

Haitakuwa haki kulilaumu bwawa na kunyamaza. Lilileta umeme na kilimo cha umwagiliaji, na ukame ulipozikumba Ethiopia na Sudan katikati ya miaka ya 1980, maji yaliyohifadhiwa yaliinusuru Misri. Faida hiyo ya taifa zima, hata hivyo, ililipwa kwa makao ya wachache.

Katiba ya Misri ya mwaka 2014 iliahidi kuwarejesha Wanubi katika maeneo yao ya asili ndani ya miaka kumi. Miaka hiyo imekwisha, na ahadi haijatimizwa.

Basi mzazi amwonyeshapo mwanawe picha ya Abu Simbel, na amweleze ustadi wa waliochonga na wa waliohamisha. Kisha ateremshe kidole hadi kwa wale mateka walio ubavuni mwa kiti, amwambie kwamba watu wa nchi ile wangali hai, nao wanangoja kurudi kwao.