Mizinga Miwili ya Ngomeni

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Mombasa, usiondoke kabla ya kupita Ngomeni. Ngome ile ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imeona mengi. Waarabu wa Omani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, Waingereza wakaigeuza gereza, na baadaye ikawa makumbusho. Wageni wengi huvutwa na kuta zake nene na mandhari ya bahari. Mimi nakuomba usimame kitambo mbele ya mizinga miwili ambayo umri wake ni mdogo sana kuliko wa ngome yenyewe. Mmoja ulitoka katika manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, na wa pili katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus. Mahasimu waliotaka kuangamizana leo ni majirani, nao hawana tena sauti.

Mwanao akikuuliza kama mizinga hiyo bado hulia, mwambie kwamba hailii tena na wala haitalia. Kisha msimulie jinsi ilivyofika hapo, maana kisa chake, tangu mwanzo hadi mwisho, ni kisa cha chuma kilichoharibika na watu waliotakiwa kukitengeneza.

Mwezi wa Septemba 1914, Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja kwa sababu mitambo yake ilihitaji matengenezo. Alfajiri ya tarehe 20, Königsberg iliikuta imetulia, haiwezi kwenda popote, ikaipiga mpaka ikazama. Lakini mshindi naye hakukaa na furaha yake muda mrefu, kwani mtambo wake mmoja uliharibika, na safari ya kurudi Ujerumani ikawa haiwezekani. Nahodha wake, Max Looff, akaiingiza manowari katika delta ya Rufiji na kuificha nyuma ya mikoko. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa chuma uliiponza meli ya kwanza, na ufa wa chuma ukaifungia ya pili mtoni.

Vipande vilivyoharibika vilifunguliwa, vikasafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, kisha vikarudishwa Rufiji. Hebu tafakari, ndugu msomaji, kazi hiyo. Vyuma vya manowari si mzigo wa kujitwika kichwani ukienda unaimba. Hapakuwa na barabara ya lami wala lori. Palikuwa na mchanga, matope, mbu na mabega ya watu. Matengenezo yalifaulu, lakini Waingereza walikuwa wamekwisha kuligundua ficho na kuifunga midomo ya mto. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilipigwa vibaya, na mabaharia wake wenyewe wakamalizia kuizamisha.

Hapo ndipo ilipoanza safari ya mizinga. Yote kumi iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, na mafundi wakaiundia magurudumu na vitako vya kuitumia nchi kavu. Mzinga uliobuniwa kukaa juu ya sitaha, usisogezwe maisha yake yote, sasa ukatakiwa kupanda milima. Mmoja ulipakiwa katika gari moshi la Reli ya Kati hadi Kigoma, ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen, ile ile iliyozamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1927 ikasafiri katika Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Mingine ilikokotwa na mamia ya watu katika mapori ya bara. Waingereza nao waliiopoa mizinga ya Pegasus na kuitumia katika vita hivyo hivyo. Hivyo Mwafrika alivuta kamba upande huu, na Mwafrika akavuta kamba upande ule, katika ugomvi ambao haukuwa wake.

Mabaharia wa Pegasus waliokufa wana makaburi yao katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja, nawe waweza kuyazuru. Je, wapagazi makaburi yao yako wapi? Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Ukumbusho wao mkubwa ni jina la Kariakoo, ambalo tunalitamka kila siku tukienda sokoni, nalo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi wa vita hiyo. Tunanunua nyanya na vitenge juu ya historia yao bila kuwakumbuka.

Sasa, ewe fundi unayesoma ukurasa huu, nakujua: ukiuona mzinga mkongwe wenye kipande kilichovunjika, mkono unakuwasha. Lakini silaha iliyozimwa na kuwekwa makumbusho hutengenezwa kwa nia nyingine kabisa. Hapa hatutaki ifanye kazi, twataka isipotee. Adui yake ni kutu, na upepo wa chumvi wa pwani hauna likizo. Shaba na chuma vikigusana katika unyevu wa chumvi, chuma huliwa upesi zaidi, kwa hiyo bolti mpya ya shaba yaweza kuwa zawadi ya sumu. Chuma cha kusubu, ukikilehemu ghafla bila kukipasha moto taratibu, chaweza kupasuka kando ya pale ulipoziba. Na mashine ya kusagia, inayong'arisha uso kwa dakika chache, hufuta pamoja na kutu alama za kiwandani, namba na mikwaruzo ambayo ndiyo ushahidi wenyewe.

Kwa ajili hiyo fundi wa makumbusho huenda polepole. Hupiga picha kwanza, husafisha kwa mkono, na kipande kilichokatika hukihifadhi hata kama hakitumiki. Akilazimika kukereza kipande kipya, hukitia alama na mwaka, ili wajao wasidanganyike kwamba ni cha asili. Na palipovunjwa makusudi, kama askari walivyokuwa wakiharibu mizinga yao kabla ya kuikimbia, hapazibi. Pengo hilo linaeleza jambo ambalo kipande kipya kingelinyamazisha.

Mizinga mingine miwili ya Königsberg imesalia, mmoja Jinja, Uganda, na mwingine Pretoria, Afrika Kusini. Popote utakapoikuta, waoneshe wanao magurudumu, maungio na viraka vyake. Waambie kwamba nahodha wa manowari ameandikwa vitabuni kwa jina, lakini aliyeshika tupa karakanani na aliyevuta kamba porini hawakuandikwa. Mikono yao ndiyo iliyovifikisha vyuma hivyo mbele yetu, na mtu anayeuacha mkwaruzo wa zamani mahali pake, asiupake rangi, amewatunzia sehemu ya kumbukumbu yao.