MAISHA YETU KATIKA MTAA WA MITI, TOKYO



Wengi mmetuuliza habari za Japani, mama watoto alipokwenda kusoma nasi tukafuatana naye. Tutaeleza kwa ufupi.

Tulipanga nyumba ndogo Yoyogi-Uehara, mtaa wa makazi wa jiji la Tokyo. Ni mtaa wa vilima na njia nyembamba. Nyumba zimekaribiana, lakini miti ni mingi na karibu kila mlango una vyungu vya maua. Ukishuka stesheni ya treni unauona mnara wa msikiti.

Msikiti huo una historia. Watatari, Waislamu waliokimbia Urusi baada ya mapinduzi ya 1917, waliwajengea kwanza watoto wao madrasa, kisha msikiti ukafunguliwa mwaka 1938. Ulipochakaa ukabomolewa mwaka 1986, na huu wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000 kwa msaada wa Waturuki. Watu wachache, ugenini, walitanguliza elimu ya watoto wao!

Nyumbani hatukusikia adhana. Tena nyakati za sala hubadilika mno. Disemba jua huzama kama saa 10 na nusu jioni, na Juni saa 1. Alfajiri ya Juni huingia kabla ya saa 9 usiku. Tulibandika ratiba jikoni, na mtoto wetu wa miaka 7 tukamfanya muadhini wa nyumba.

Majirani hawakuwa Waislamu, lakini haki ya jirani tuliiona kwa macho. Anayehamia hupeleka zawadi ndogo kwa nyumba za pembeni, nasi tukafanya hivyo. Taka hutenganishwa, kila aina na siku yake, na hufunikwa wavu ili kunguru wasizitawanye. Bibi wa nyumba ya pili alitufundisha utaratibu huo kwa ishara, maana lugha ilitushinda.

Hofu yetu kubwa ilikuwa shule. Watoto wote hula chakula kimoja darasani, na mara nyingi kina nyama ya nguruwe. Je, mtoto atastahimili kuwa peke yake mbele ya wenzake? Tulizungumza na mwalimu wake, akakubali abebe chakula cha nyumbani. Kila mwezi shule ilitupa orodha ya vyakula, na mama yake akajitahidi kupika kinachofanana nacho.

Wiki ya kwanza alirudi na chakula chake hakijaguswa. Hatukumgombeza, tulimweleza tena kwa nini tunakula halali. Siku moja mwalimu akatuambia kuwa watoto walimuuliza, naye akawajibu mwenyewe kwa Kijapani: Mungu wetu ametuchagulia chakula. Wakaridhika, wakaendelea kula. Wenzake husema neno lao la shukrani kabla ya kula, naye akasema Bismillahi kwa sauti. Baada ya kula walishika mafagio, wakasafisha darasa pamoja.

Enyi wanafunzi, hapa kwetu adhana inatuita kutoka kila upande na halali imejaa sokoni. Huko ugenini mtoto hubaki na kile alichokibeba moyoni tu. Basi jifunzeni sasa, na mujue sababu ya mnayoyafanya. Nasi wazazi tusichoke kuwaeleza.

Wabillahi tawfiq.