Umbea au Hadithi?

Nafundisha uandishi kila Jumamosi huko Temeke, na sijachapisha hata riwaya moja. Nalisema mapema, ndugu msomaji, usije ukadhani unasoma maneno ya mkubwa. Cheti changu ni cha kidato cha nne, na muswada wangu umekwama ukurasa wa 80 tangu masika. Wanafunzi ni tisa, wote wananiita ticha.

Wiki za kwanza niliwapa vitabu. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, waliidaka vizuri, hasa waliposikia iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Lakini wakishika kalamu, jamani! Kila hadithi inaanza na jogoo kuwika, kila mzee ana busara, kila msichana ni mrembo kama malaika. Hiyo ni lugha ya kutafutia maksi. Msikilize mwandishi huyohuyo nje, akisimulia konda alivyomzungusha na chenji yake, utacheka mpaka machozi, na jogoo hayumo.

Ndipo nikaleta muziki. Simu na spika ndogo, basi. Tukasikiliza Shida ya Mbaraka Mwinshehe na Kifo ya Remmy Ongala, nikawauliza: huyu mtu anaongea na nani? Tukarudi nyuma zaidi, kwa Siti binti Saad, aliyetoka Fumba, Unguja, akiuza vyungu, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Muuza vyungu kuandikiwa kitabu! Wakashangaa. Mimi nilitaka wafike kwenye wimbo wa Kijiti. Mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliuawa Unguja. Muuaji akatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi wakaadhibiwa wao, kwa kosa la pombe. Siti akaliimba jambo lile. Tungelijua wapi leo?

Jumamosi iliyofuata binti mmoja wa miaka 17 akaleta kurasa tatu. Dada wa kazi wa nyumba ya jirani, miezi minne bila mshahara, kisha alfajiri moja akapandishwa basi na begi lake la shangazi kaja. Nyuma ya mlango wa jiko ilibaki mistari minne ya mkaa, mmoja kwa kila mwezi. Niliisoma mara mbili. Wivu kidogo ulinishika, sitaficha.

Siku ya tatu mama yake akanifuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi mwanangu, unamfundisha binti yangu kuandika au umbea? Kwa yule jirani ndiko tunakochota maji."

Hoja ya maji ilinibana. Muuaji wa kwenye wimbo alishakimbia. Huyu jirani yupo, na bomba liko uani kwake. Nikasema tutabadilisha majina. Akacheka: mtaa mzima unajua bomba ni la nani. Nikamjibu kwa heshima kwamba mtaa mzima unajua pia nani hakulipwa. Akanyamaza, akafunga kanga vizuri, akaondoka bila kuaga.

Mimi sioni kama kila la kweli lazima litoke gazetini kesho yake. Familia ikikosa maji, si mimi nitakayebeba ndoo. Lakini kuliacha bila kuliandika kabisa, hapana. Nikamshauri binti aihamishie nyumba ile Mwanza. Akakataa katakata.

"Ticha, nikiipeleka Mwanza hata ule mlango wa jiko sitauona tena."

Akaamua kumsomea mama yake kwanza, usiku, wadogo wakishalala. Jumamosi iliyopita alikuja na karatasi imejaa mistari ya kukata. Mama alikuwa amemsahihisha: si kweli kwamba dada yule alipandishwa basi na mtu. Alitoka peke yake kwa miguu, na nauli alipewa na mama huyuhuyu, kutoka pesa ya upatu, bila kumwambia yeyote nyumbani.

Hadithi sasa ina kurasa tano. Ya maji bado wanajadili.