Aibu, Haya na "Shame"



Bibi alitueleza kuwa safari yake ya Hija imeahirishwa kwa sababu ya maradhi. Mtoto wetu, anayesoma kwa Kiingereza, akamjibu: "Aibu iliyoje, bibi!" Bibi akainama, machozi yakamlenga. Tukamkemea mtoto palepale. Kumbe alikuwa akimpa pole! Shuleni kazoea "What a shame", yaani jambo la kusikitisha.

Neno "shame" lina sura nyingi. Ni fedheha ya aliyeumbuka. "Shame on you" ni karipio. Afrika Kusini husema "Shame!" kwa kuhurumia, hata kwa kumfurahia mtoto mchanga. Na "shameless" ni mtu asiye na haya.

Kwetu sisi aibu huja baada ya kosa. Haya hutangulia, ikamzuia mja hata akiwa peke yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa haya ni sehemu ya imani.

Siku ile aibu ilikuwa yetu wazazi, tuliokemea kabla ya kuuliza. Tulimwomba mtoto radhi mbele ya bibi yake. Ndugu zetu, Kiingereza wakakisome shuleni, lakini haya waione kwetu nyumbani.