Jamani, 'gross' siyo dazeni kumi na mbili tu!

Wiki hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi, tuingie kwenye ung'eng'e. Usifungue ukurasa mwingine kwanza, maana mambo yenyewe yanagusa ugali wa watu.

Sisi tulioishia kidato cha nne tunajuana. Kimombo tulikariri kwa mafungu: maneno manne, maana moja, twende kwenye mtihani. Fungu la tabia mbaya isiyojificha lilikuwa na 'blatant', 'flagrant', 'egregious' na 'gross'. Yote tukayaandikia "kosa kubwa la wazi", tukapata vema, maisha yakaendelea. Kumbe kila moja lina mambo yake!

Chukua 'blatant'. Lilitungwa na mshairi wa Uingereza, Edmund Spenser, katika utenzi wake The Faerie Queene, sehemu iliyotoka mwaka 1596. Alilipachika dude moja la kutisha lenye ndimi chungu nzima, kazi yake kuwachafulia watu majina. Kwa hiyo lilianza kama neno la makelele, siku hizi limekuwa la macho. Ni ubaya unaofanywa kavukavu, mtu hajisumbui hata kuuficha. Konda anakwambia hana chenji huku noti zimemjaa mkononi, tena anakukodolea macho. Huyo ndiye 'blatant'.

'Flagrant' asili yake ni Kilatini, kuwaka moto. Wanasheria wana msemo wao, 'in flagrante delicto', yaani mtu kunaswa kosa likiwa bado linawaka. Sisi uswahilini tunaita fumanizi, na nyie wasomaji wangu kwa hilo hamhitaji mwalimu! Basi 'flagrant' nayo ni ya peupe, ila ndani yake kuna sheria au heshima inayokanyagwa. Dereva anapita taa nyekundu na trafiki kasimama palepale. Wapenzi wa kikapu wanalijua neno hili kutoka NBA, ambako rafu ya namna hiyo ina madaraja mawili. La kwanza ni kumgonga mwenzio pasipo sababu, la pili ni kuzidisha mpaka unatolewa nje.

Halafu kuna 'egregious', Kilatini tena, maana yake nje ya kundi. Zamani lilikuwa sifa nzuri, mtu aliyewapita wenzake. Mpaka leo Mwitaliano akimwandikia mtu barua ya heshima huanza na 'Egregio Signore'. Waingereza wakaligeuza kijembe, sasa ni ubaya uliopita ubaya mwingine wote. Lenyewe halijali kama umeonekana. Baba mdogo anayebadilisha kimyakimya hati ya nyumba ya yatima hakuonwa na mtu, kwa hiyo si 'blatant'. Lakini kwa uzito wa dhambi, hiyo ni 'egregious' tupu.

Sasa 'gross'. Wenye maduka wanaijua kama grosi, vitu 144. Asili yake ni Kifaransa, kitu kikubwa, kinene. Ndilo fupi kuliko yote, na ndilo linalofukuzisha watu kazi.

Jirani yetu mmoja, mtunza stoo mwenye watoto wanne, aliniletea barua ya mwajiri wake nimsomee. Alikataa kushusha mzigo Jumapili, barua ikaita kitendo chake 'gross insubordination'. Yeye alidhani ni kuitwa mkaidi tu, akawa tayari kusaini yaishe. Nikamwambia, "Mzee wangu, weka kalamu chini kwanza." Kanuni za ajira za mwaka 2007 zinataja ukaidi uliopindukia kati ya makosa yanayoweza kumwondoa mtu hata kama ni mara yake ya kwanza. Ukaidi wa kawaida unaweza kuishia kwenye onyo. Tofauti yao ni hilo neno moja lenye herufi tano!

Kanuni hizohizo zinataka mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe angalau saa 48 za kujiandaa, na aende na mwenzake wa kumsaidia. Mzee akaomba vyote hivyo. Kwenye kikao ikajulikana kwamba karani alilinakili neno kutoka barua ya zamani, eti linasikika zito. Mzee akapewa onyo la maandishi, Jumatatu akarudi stoo.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukiletewa barua ya kimombo usiitikie tu. Uliza neno hili linasema nimeonekana, nimevunja sheria, au nimepindukia. Na wewe bosi, kama mtu kakukosea, andika alichofanya, siku gani, saa ngapi. Kwa hayo Kiswahili kinatosha kabisa, na hakuna atakayekulaumu kwa kutojua Kilatini.

Tukutane wiki ijayo!