Simu Inapokupeleka Usikotaka

Unaandika anwani ya tovuti unayoifahamu vizuri, unabonyeza, halafu unajikuta kwenye ukurasa wa bahati nasibu. Wengi hulaumu mtandao, wengine hulaumu simu. Mimi nimejifunza kupima kwanza.

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Nshambya, katekista wetu aliniambia, “Frateri, kila nikitafuta masomo ya Misa, simu inasema nimeshinda milioni mbili. Sasa inadai namba ya siri.” Katika laini hiyo alikuwa ametunza michango ya jumuiya ya kununulia mabati ya kigango. Nikamwambia, “Mwalimu, usiandike chochote kwanza.”

Tulizima data yake, nikamwunganisha kwa hotspoti ya simu yangu, yenye laini ya kampuni nyingine. Tangazo likaja vilevile. Tatizo linaloifuata simu katika kila mtandao kwa kawaida limo ndani ya simu yenyewe. Tulikagua programu moja baada ya nyingine, tukaikuta ya “kusafisha simu”, iliyopakuliwa kutoka kiungo alichotumiwa kwa WhatsApp. Tukaiondoa, tukafuta ruhusa za arifa ndani ya kivinjari, tukasasisha simu. Tangazo likakoma, na michango ikasalimika.

Kwa jirani mmoja mambo yalikuwa kinyume. Kompyuta yake ilifanya kazi vizuri kwa hotspoti yangu, lakini kwa ruta ya nyumbani ilipotea njia, na simu zote za nyumba hiyo pia. Hapo wa kuchunguzwa ni ruta au mtoa huduma. Ruta ilikuwa bado na nenosiri la kiwandani, na anwani zake za DNS zilikuwa zimebadilishwa.

DNS ni kama kitabu cha namba za simu: unataja jina la tovuti, yenyewe inatafuta namba yake. Mwenye kukichezea kitabu hicho hukupeleka anakotaka yeye. Ndivyo kilivyofanya kirusi cha DNSChanger, ambacho wahusika wake walikamatwa Estonia Novemba 2011, kikiwa kimeingia katika kompyuta zipatazo milioni 4 kwenye nchi zaidi ya 100. Kwa jirani, tuliirudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani na kuweka nenosiri jipya. Ikapona.

Mtoa huduma naye huweza kukuelekeza kwingine. Bando likiisha, ni kawaida kuletewa ukurasa wa kununua jingine, ukinunua, unakoma. Usipokoma, na ruta ni safi, piga simu huduma kwa wateja. Wape saa ya tukio, anwani uliyoandika, na ile uliyofikishwa.

Na kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, rudi nyuma. Hakuna zawadi ya kweli inayodai namba yako ya siri.