Mchango Uliotufikisha Momella

Katika Makumira ya utoto wangu, chini ya mlima Meru, kahawa ilikuwa ya baba na ndizi zilikuwa za mama. Jina lililoandikwa kwenye chama cha ushirika lilikuwa la baba, na malipo ya msimu aliyapokea yeye. Mama alikuwa na migomba iliyoipa kahawa hiyohiyo kivuli, maharage yaliyopandwa katikati, na maziwa ya ng'ombe waliofugwa bandani. Bei ya kahawa ilipoanguka duniani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulikula na kusoma kwa vitu vya mama: mikungu iliyouzwa sokoni Tengeru Jumatano na Jumamosi, na maziwa yaliyoteremshwa barabarani alfajiri. Fedha hizo ndogo ndogo ndizo zilizoanzisha kikundi cha akina mama wa kitongoji chetu.

Walikutana Jumapili mchana, baada ya ibada, uani kwa mwenyekiti chini ya mringaringa. Mchezo ulitangulia: kila mmoja akatoa chake, na aliyefikiwa na zamu akapokea chote mbele ya macho ya wote. Kisha ukafuata mfuko wa shida na marejesho ya mikopo, halafu faini za waliochelewa. Mweka hazina macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo mimi, niliyekuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mwenye mwandiko unaosomeka, nilikaa mkekani karibu na miguu yake na kuandika daftari. Hivyo ndivyo nilivyosikia mambo ambayo watoto wenzangu hawakuyasikia.

Kazi yao kubwa ilikuwa kusimama na mtu. Ukitokea msiba, sare ya kitenge ilivaliwa na masufuria makubwa ya kikundi yakabebwa hadi kwa mfiwa kabla jua halijapanda. Wengine walimenya ndizi za machalari, wengine wakachota maji, na wawili watatu wakaketi ndani na mwenye uchungu bila kusema lolote. Mama aliyejifungua alipelekewa mtori, kuni na sabuni. Kwenye kipaimara na harusi waliingia na vigelegele na beseni la zawadi kichwani. Lakini yote hayo yalikuwa kazi. Hata kwenye sherehe walikuwa jikoni, na sahani zao zilipakuliwa mwisho.

Ndipo mama mmoja aliyeuza maziwa kando ya barabara kuu akaleta hoja yake. Kila siku, alisema, aliona magari ya watalii yakitoka uwanja wa ndege wa KIA kwenda mbugani. Watu wanavuka bahari kuja kuutazama mlima wetu, na sisi tunaolala chini yake hifadhi tunaijua tu kwa nyani wanaokula mahindi. Aliomba kikundi kiende Ngurdoto na Momella, ndani ya hifadhi hiyo, siku moja, kwa fedha zake chenyewe.

Ubishi ulikuwa mkali. Fedha ya kutembea, wengine walisema, ni ada ya mtoto inayotupwa njiani. Mwingine aliuliza mume wake ataambiwa nini. Nilikuwa nimekwisha kuacha kalamu, nikidhani hoja imekufa, bibi mmoja mzee kuliko wote alipoomba kusema.

Bibi yule alikuwa msichana mdogo mwaka 1951, Wameru walipoondolewa Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Alikumbuka nyumba zikiteketea na mifugo ikiswagwa. Wazee walikataa kuhamia Kingori walikoelekezwa. Wengi walikuja huku kwa ndugu zao, naye akaletwa hivyo. Kisha watu wakachangishana, na mwaka 1952 mchango ule ukampeleka mwakilishi wao, Kirilo Japhet, New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, akaeleza dhuluma ile. "Senti za watu maskini zilimfikisha mtu Marekani," bibi alisema. "Hizi zetu zitashindwaje kutufikisha Momella? Na mimi nataka kukuona kwetu kabla sijafa." Hakuna aliyebisha tena. Mwenyekiti alinigeukia: "Mwanangu, andika: matembezi." Nikapiga mstari wa safu mpya.

Tuliondoka asubuhi kwa Coaster ya kukodi, sare zote zimepigwa pasi, hotipoti za loshoro na chapati zimepangwa nyuma. Ukivuka Usa River unakata kushoto, na baada ya muda mfupi shamba linaisha na msitu unaanza. Twiga walisimama karibu na njia, na mbega walining'iniza mikia yao myeupe juu ya miti. Kwenye ukingo wa Ngurdoto kelele zilikatika. Chini kabisa, katikati ya majani mabichi, nyati walionekana wadogo kama mbegu za ulezi.

Momella ndiko tulikokaa zaidi. Maziwa ya maji yaliyoko huko yana magadi, na rangi ya kila moja ni tofauti kwa sababu mwani unaoota ndani haufanani. Heroe walisimama kwenye maji mafupi, wekundu kwa mbali. Askari wa hifadhi alituambia tugeuke tuutazame mlima. Kwetu, upande wa kusini, Meru huonekana mzima. Kutoka huku uko wazi, umebomoka upande wa mashariki, na ndani yake kimesimama kilele kidogo cha majivu. Ubavu ule uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, akaeleza, na tope lake ndilo lililoacha mabonde yanayobeba maziwa haya. Mama yangu alisimama muda mrefu. Alikuwa amezaliwa, ameolewa na kulima chini ya mlima ule, na hakuwahi kuambiwa kwamba una upande mwingine.

Bibi alinyoosha mkono kaskazini akataja Engare Nanyuki, akaeleza zizi la baba yake lilikuwa wapi. Wanawake walimzunguka. Siku ile hakuna aliyempikia mtu: chakula kilipakuliwa, wote wakaketi, wote wakala pamoja kikiwa bado cha moto.

Safu ile ya matembezi haikufutwa. Miaka iliyofuata walikwenda ziwa Duluti, walikwenda maonyesho ya Nane Nane Njiro, na walioogopana siku ya marejesho walianza kuulizana hali kabla ya deni. Leo vikundi vingi hesabu yao ni hisa, mkopo na riba, na akina mama wanajuana kwa namba za daftari. Mimi naamini mama anayelisha nyumba ana haki ya kuona nchi yake akiwa amekaa, bila mzigo kichwani, na wenzake ubavuni. Fedha inayolipia siku hiyo haijapotea. Kila mweka hazina anayesoma haya namwomba afungue daftari lake Jumapili hii na kupiga mstari wa safu moja zaidi.